Nchi ya Kiungo Kikavu

Anayetaka kucheka na acheke mapema, maana kuna mahali mbele nitamwomba anyamaze kidogo. Kulikuwa na fundi cherehani aitwaye Tusekile, mwanamke wa makamo, mwepesi wa mkono na mgumu wa shingo. Mara tatu alikuwa amekaa darasa la ubatizo akalimaliza, na mara tatu alikuwa amefika ukingoni mwa maji, akachukua viatu vyake, akarudi nyumbani. Haikuwa kwamba haamini. Aliamini sana, na habari ya Kristo ilimchoma hata akawa anaimba tenzi huku akikanyaga cherehani. Lakini kila alipofika majini alimkumbuka mdogo wake, Atupele, aliyemzika mama yao bila kumwita, na hapo kitu kilimkwama kifuani kama mfupa wa samaki. Alijua wazi kwamba akiingia katika maji yale itambidi amsamehe Atupele. Basi hakuingia. Atupele alikuwa amemwandikia barua saba, na zote saba zilikuwa chini ya kikapu chake cha nguo, hata moja haijafunguliwa.

Jinsi alivyofika Nchi ya Kiasi haitusaidii kitu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo hakuna anayemjua, miguu ikamvimba, akafika.

Alifika Jumapili asubuhi, akakuta umati kwenye Mto Tele. Watu wa Kiasi walikuwa wakiimba wimbo kwa furaha kubwa, lakini walipofika katikati ya ubeti wa pili wote waliacha ghafla, wakafunga vitabu. Majini walisimama mashemasi wanne, wanaume wenye misuli, wamemkunja bwana mmoja mnene kama wanavyokunja godoro. Kichwa chake kilikuwa chini ya maji, miguu chini ya maji, mikono chini ya maji. Kilichobaki juu, kikipigwa na jua, kimefunikwa kitambaa cha mpira, yalikuwa makalio yake.

Tusekile alimgeukia mama aliyesimama karibu naye, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kama hicho hicho.

"Samahani, mama. Yule bwana mnamwokoa au mnamzamisha?"

Mama yule alikivuta kitambaa chini. "Tunambatiza, mwenzangu! Ni Mheshimiwa Tahadhari, mkuu wa Baraza letu. Ameacha makalio."

"Ameyaacha wapi?"

"Makavu. Ndicho kiungo chake. Kile kiti anachokikalia kina mambo yake, na Injili ingemsumbua kila akikaa."

Mwenyeji huyu aliitwa Bi Tetesi, mwanamke mkarimu kupita kiasi, ingawa huko kupita kiasi ni kosa. Alimchukua Tusekile nyumbani kwake siku ileile, akamweleza sheria ya nchi wakati wa chakula cha mchana. Kila raia wa Kiasi hubatizwa, tena kwa shangwe, lakini anayo haki ya kuacha kiungo kimoja kikavu. Kiungo hicho huandikishwa, hupewa cheti, na tangu siku hiyo hakihusiki na Injili. Mwenye ngumi kavu akikupiga, amekupiga ngumi tu. Yeye mwenyewe ni mtu wa Mungu. Hakimu wa mji aliacha sikio la kushoto, na washtakiwa wote hugombania kukaa upande huo. Bi Tetesi mwenyewe aliacha ulimi.

"Lakini ulimi una mate," alisema Tusekile.

"Tulishalijadili hilo miezi mitatu. Baraza liliamua mate si maji."

Hapo ndipo Tusekile alipoelewa kwa nini mwenyeji wake anakunywa chai kwa mrija mrefu unaopita juu ya ulimi mpaka kooni, huku machozi yanamtoka. Maana sheria ilikuwa na upande wa pili: kiungo kikavu kikipatwa na maji yoyote, ya mvua, ya kisima au ya supu, kinahesabiwa kimebatizwa, na mwenyewe anawajibika. Kwa hiyo nchi nzima iliishi ikikimbia manyunyu. Hakimu alilala kwa upande mmoja. Mheshimiwa Tahadhari hakukaa mahali popote kabla ya kupapasa.

Mume wa Bi Tetesi, Karani Kadirio, ndiye aliyekuwa mwandikishaji wa viungo. Yeye aliacha mkono wa kulia, ule unaogonga muhuri, na alitembea nao chini ya mwavuli mdogo hata siku za kiangazi.

"Mwulize sababu yake," alisema Bi Tetesi, akimwonyesha mumewe kwa kidole.

"Sababu za kikazi," alisema Karani.

"Sababu za vyombo! Miaka kumi na miwili huyu hajaosha hata kijiko. Nikimwambia, ananionyesha cheti!"

Karani Kadirio alikohoa kwa heshima, akahamisha mwavuli.

Tusekile alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu wazo lilikuwa limemwingia, na lilikuwa tamu mno. Yaani mtu anaweza kubatizwa na bado akabaki na kitu chake? Yaani miaka yote ile ya kuokota viatu ukingoni ilikuwa bure, kumbe nchi ipo? Alitaka kuruka. Aliwaomba kazi kesho yake, akaanza kushona mifuko ya viungo kwa turubai laini, akaongeza tepe na vifungo. Waheshimiwa walipanga foleni kwake, kila mmoja ameshika kiungo chake. Alishona vifuko vya vidole, akashona kimoja cha pua. Na alipokuwa na uzoefu wa kutosha alikwenda ofisini kwa Karani Kadirio, amevaa gauni lake zuri.

"Nataka kubatizwa," alisema.

"Bwana asifiwe!" alisema Karani.

"Kwa kiasi!" alijibu Tusekile, kama wanavyojibu huko.

"Kiungo?"

Tusekile alikuwa amelifikiria jambo hili usiku na mchana. Si mkono, maana hakutaka kumpiga Atupele. Si ulimi, maana hakumsema kwa watu. Kwa kweli hakutamka hata jina lake. Si miguu. Alikuwa amejipapasa mwili mzima kama anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye nguo, na sindano alikuwa ameipata.

"Moyo," alisema.

Kalamu ya Karani ilisimama. Alifungua daftari, akafunua kurasa za M, akakuta macho, magoti, masikio, mdomo, mikono, mgongo. Moyo haukuwapo. Katika historia yote ya Kiasi hakuna aliyewahi kuuomba, kwa kuwa watu wa kule walikuwa wakijiona wacha Mungu, na hakuna aliyefikiri kwamba moyo wake una shida yoyote.

"Hili," alisema Karani Kadirio, akifuta jasho kwa mkono wa kushoto, "ni la Baraza."

Baraza lilikaa siku nne. Mheshimiwa Tahadhari aliongoza akiwa amesimama, kwa sababu mhudumu alikuwa amepangusa viti kwa kitambaa kibichi. Mjadala wa kwanza ulihusu kama moyo ni kiungo. Mzee mmoja alisema kiungo ni kitu ambacho mtu anaweza kukikuna. Mwingine akauliza, je, figo? Ikapigwa kura, na kwa kura saba dhidi ya sita moyo ukawa kiungo, kwa ajili ya ombi hili tu na bila kuathiri figo.

Mjadala wa pili ulihusu njia. Moyo uko katikati ya mtu; utaachwaje juu ya maji? Hapo Mheshimiwa Tahadhari aliinua mikono yote miwili.

"Waheshimiwa, tumbatize kwa awamu mbili! Awamu ya kwanza aingie kwa miguu mpaka kiunoni. Atoke. Tunywe chai. Awamu ya pili mashemasi wamshike miguu, wamgeuze, wamteremshe kichwa mpaka mabegani. Moyo utakuwa salama pande zote!"

Makofi yalipigwa, ya kiasi.

"Na machozi je?" iliuliza sauti moja kutoka nyuma. "Yanatoka wapi?"

"Machoni," alisema Mheshimiwa.

"Na kufika machoni, yanatoka wapi?"

Hatimaye iliandikwa kwamba mwombaji, ili kuulinda moyo wake usilowe, hataruhusiwa kulia maisha yake yote, isipokuwa kwa vitunguu, na vitunguu vyenyewe kwa kibali. Tusekile alikubali kila kitu papo hapo. Angeahidi hata kutopiga chafya.

Aliyeuliza swali la machozi alikuwa Mchungaji Subira, mbatizaji wa mto. Alikuwa mzee mwembamba asiye na kura katika Baraza. Kwa miaka thelathini alikuwa amebatiza kila mtu wa Kiasi pungufu ya kiungo kimoja. Jambo moja tu walishindwa kumbadilisha: majini alimwuliza kila mtu swali lilelile la zamani, kama anamwamini Kristo kwa moyo wake wote. Nao walimjibu, "Kwa kiasi, Mchungaji," na yeye alipumua, akaendelea na kazi.

Tusekile alijishonea kizibao cha turubai, mishono miwili kila upande, chenye vifungo kumi na viwili, na suruali ndefu kwa ajili ya awamu ya pili. Asubuhi ya ubatizo alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakuelewa sababu yake. Alizitoa zile barua saba chini ya kikapu na kuzisukuma ndani ya kizibao, upande wa kushoto. Alijiambia kwamba anaogopa wezi.

Mji mzima ulikuja. Waheshimiwa waliwekewa viti mstari wa mbele kabisa, karibu na maji, kila mmoja na kiungo chake kimefungwa vizuri, kazi ya mikono ya Tusekile mwenyewe. Awamu ya kwanza ilikwenda sawasawa. Wakanywa chai, Bi Tetesi kwa mrija. Kisha mashemasi wanne wakamkamata Tusekile vifundo vya miguu, wakahesabu mpaka tatu, wakamgeuza.

Msomaji, mtazame fundi wetu sasa. Miguu iko mbinguni, nywele zinagusa maji, mto uko juu na mawingu yako chini, na mbele ya pua yake iko miguu myembamba ya Mchungaji Subira.

"Mwanangu," alisema Mchungaji, akiinama ili aonekane, "unamwamini Kristo kwa moyo wako wote?"

Tusekile alifungua kinywa aseme lile neno. Lakini alikuwa fundi, na fundi hasemi kitambaa kimetosha wakati hakipo.

"Mchungaji, hata hicho kiasi siwezi kusema. Moyo ndio niliouacha mkavu."

"Sasa nabatiza nini?"

"Vilivyobaki."

"Vilivyobaki," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imechoka, "nimevibatiza miaka thelathini. Mto wote huu umejaa vilivyobaki, mwanangu."

Tusekile hakupata nafasi ya kujibu, maana kizibao kilikuwa kimeshonwa kwa mtu aliyesimama. Shingo yake ilikuwa pana kidogo. Barua ya kwanza iliteleza, ikamgonga kidevu, ikaanguka majini. Ikafuata ya pili na ya tatu. Zilianguka zote saba, moja moja, bila haraka, na kila moja ilipopita mbele ya macho yake aliona mwandiko wa Atupele, ule mwandiko wa kuinamia kulia ambao yeye mwenyewe alimfundisha walipokuwa wadogo, akimshika mkono: *Kwa Dada Tusekile*. Maji yalizipokea. Wino ukaanza kutembea.

"Barua zangu!" alipiga kelele. "Niachieni!"

"Sheria, mama," alisema shemasi wa mguu wa kushoto.

"Niachieni, nimesema! Barua za mdogo wangu hizo!"

Mashemasi wakatazamana, wakaachia. Tusekile alizama kama jiwe la kusagia. Aliibuka akikohoa, akazifuata barua, akazikamata moja hapa, moja pale, moja kwa meno. Alipokwisha kuzipata zote alizikumbatia pale majini, akazipasua bahasha, akazitazama. Karatasi zilikuwa nyeupe. Miaka mitano alikuwa nazo na hakutaka kujua zinasema nini, na sasa alitaka kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na hazikusema kitu. Uchungu ulimpanda. Akalia. Alilia bila kitunguu na bila kibali, kwa sauti, mbele ya Baraza lote, na alipokuwa akilia alisikia ule mfupa wa kifuani ukilegea.

"Nimekusamehe, Atupele," alisema, ingawa Atupele alikuwa mbali. "Sijui hata ulisema nini. Nimekusamehe."

Kisha alianza kufungua vifungo. Vilikuwa kumi na viwili na alivilaani kila kimoja. Kizibao kilipotoka alikitupa, kikaelea kama kobe, naye akabaki na blauzi yake nyeupe, amelowa, kamasi zinamtoka, anacheka.

"Mchungaji, niulize tena!"

Mchungaji Subira alimsogelea. "Unamwamini Kristo kwa moyo wako wote?"

"Wote!" alisema Tusekile. "Na ini, na figo kama Baraza litaruhusu!"

Sasa, mzee yule kwa miaka thelathini hakuwa amezamisha mtu mzima. Alikuwa amesahau nguvu inayotakiwa. Alimkamata Tusekile kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akamzamisha kwa furaha ya miaka yote thelathini kwa mpigo mmoja, na maji yaliyotoka pale yalipanda juu, yakasimama kidogo kama yanayotafakari, yakashukia mstari wa mbele, yakang'oa mifuko kadhaa na mingine yakaipenya.

Hakimu alilowa sikio zima la kushoto. Mheshimiwa Tahadhari, aliyekuwa ameinuka kupinga, aliketi tena kwenye kiti kilichojaa maji mpaka ukingoni. Bi Tetesi alikuwa ameacha kinywa wazi kwa kucheka, akameza funda kubwa. Na Karani Kadirio aliutazama mkono wake wa kulia, mweupe na mgumu kama chapati iliyosahaulika, ukitiririka maji mpaka kiwikoni. Alifungua na kufunga vidole. Halafu, bila kumwuliza mtu, akautumbukiza wote mtoni, akafumba macho.

"Kumbe ni ya baridi," alisema. "Kumbe ni mazuri hivi."

Bi Tetesi akaanza kuimba. Wimbo ulifika katikati ya ubeti wa pili, ukapita. Watu walitazamana kwa hofu, maana ubeti wa tatu hawakuujua, wakauimba hivyohivyo.

Baraza lilikaa kwa dharura mchana huohuo. Liliamua kwamba maji ya kurukiwa si ubatizo, ila kwa anayetaka yawe. Mheshimiwa Tahadhari aliomba makalio yake yatangazwe makavu kwa sheria, na ombi lilipita, lakini tangu hapo kila alipokaa kwenye kile kiti alijikuna. Tusekile alipatikana na makosa mawili, kulia bila kibali na kulowesha viungo vya waheshimiwa, akaamriwa kuondoka nchini kabla ya jua kuzama.

Hati ya kufukuzwa ililetwa na Karani Kadirio mwenyewe. Muhuri wake ulikuwa na povu la sabuni.

"Samahani," alisema. "Nilikuwa kwenye vyombo."

"Masufuria yote!" alisema Bi Tetesi kutoka ndani. Alikuwa akinywa chai kwa kikombe, akiisukasuka mdomoni kama mtoto. "Na mimi, mwenzangu, nimejaribu tangu mchana kumsema jirani, nimebaki na habari tatu tu, na zote ni nzuri. Sijui nitaishije!"

Njiani kutoka mjini Tusekile alipita mtoni. Mchungaji Subira alikuwa bado majini, na ukingoni kulikuwa na foleni fupi, watu saba au wanane, wakifungua tepe na vifungo ambavyo yeye alishona. Alimpungia mkono kwa mbali. Mzee hakumwona. Alikuwa na kazi.

Safari ya kurudi nayo ilikuwa ndefu, na nayo haitusaidii kitu. Alifika kwa Atupele mchana wa siku ya soko, akamkuta amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Atupele aliinua macho, na ungo ukaanza kutikisika mapajani mwake, mchele ukimwagika pande zote.

"Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Tusekile alikaa kando yake, bega kwa bega. Alifungua kikapu, akatoa karatasi saba zilizokauka kwa jua na kukunjamana, nyeupe kabisa, akaziweka juu ya mchele.

"Barua zako zililowa," alisema. "Na mimi pia. Nisomee."

Atupele akaichukua ya kwanza kwa mikono miwili. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaona haina hata nukta. Akajifuta macho kwa upande wa kanga, akaanza kusoma.